Mjukuu Wangu Aliyeondoka Mkavu

Ulikuwa ule mwaka watu wa huku waliacha kula mayai. Dukani yalikuwepo, lakini bei yake ilikuwa ya kukutoa machozi, na hapa Riverdale Park, Marekani, nilikuwa nayapita kwenye rafu nikiyaangalia kama ng'ombe wa jirani. Asubuhi tulikula viazi vitamu na chai. Akina mama wa kanisa letu walikaanga mandazi yasiyo na yai, magumu, ukimrushia mbwa anakukimbia. Ukiniuliza mwaka wenyewe ni upi, ni huo.

Mjukuu wangu alikuwa ameacha mayai kabla yetu, na si kwa sababu ya bei. Alikuwa anatenga kiini anakimwaga kwenye sinki, anakula ule ute peke yake, bila chumvi, bila mafuta, kama mtu anayekula kamasi. Kazi yake ni kuendesha baiskeli. Anaendesha Ulaya, katika timu ya wanawake wanaolipwa mshahara, na mimi ndiye nyanya yake, na sioni aibu kusema kwamba hakuna nyanya mwingine kanisani kwetu mwenye mjukuu kama huyo.

Kwetu, upande wa mashamba ya chai, watu wanajulikana kwa kukimbia. Huyu alizaliwa hapa, akachagua magurudumu. Alianzia kwenye njia ya baiskeli iliyo karibu na nyumba, palipokuwa na reli zamani, anaenda mpaka College Park na kurudi. Halafu akaingia chuo kikuu cha hapo, akajiunga na wenzake wa baiskeli, wakaja watu wakamwona, wakamchukua. Nilimwambia, "Mama, ukoo mzima ulikimbia kwa miguu, wewe umeleta pedali." Akaniambia, "Gogo, miguu ni ileile." Gogo ndiyo nyanya kwa lugha yetu. Neno hilo analo, na mengine machache. Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili, maana ndivyo yalivyoniingia kichwani.

Jambo moja la kwetu alilishika kuliko hata mama yake: mate. Mtu wa kwetu hasafiri safari kubwa kabla mzee hajamtemea. Si kutema kwa dharau. Mtoto anapiga magoti, anafungua kola, unamtemea kidogo kifuani na viganjani, mepesi kama manyunyu, unasema maneno yako, anafunga kola anaenda. Pasta wetu hapendi. Mimi nampenda pasta, na ninatema. Tangu safari ya kwanza ya Ulaya mtoto huyu hakuwahi kupanda ndege akiwa mkavu. Ndivyo tunavyosema: aliyeondoka bila baraka ameondoka mkavu, na likimpata la kumpata, watu hawamwangalii yeye. Wanamwangalia mzee aliyefunga mdomo.

Mashindano yake nilikuwa nayatazama kwenye simu. Mwanzoni sikuelewa kitu. Niliona wanawake wengi wamebanana barabarani kama nyuki waliohama mzinga, nikamtafuta wangu mbele, simpati. Binti yangu, mama yake, ambaye ni nesi kule Rockville, ndiye aliyenieleza. Huyu hakuajiriwa kushinda. Katika timu kuna mmoja wa kushinda. Wa kwetu kazi yake ni kumkatia huyo upepo, kurudi nyuma kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji, kuzisokomeza mgongoni ndani ya nguo mpaka anaota nundu, kupanda tena mbele kuzigawa, na mlima ukifika, kuvuta mpaka nguvu zimwishe, halafu kuachwa. Anafika wa mwisho mwisho na wanamshukuru.

Nikasema, "Kwa hiyo ni punda."

"Mama, usiende kusema hivyo kanisani."

Sikusema. Kanisani nilisema mjukuu wangu anapanda milima ya Ufaransa, na ni kweli.

Lakini punda hulishwa.

Baridi ilipokuwa inaisha alianguka Ubelgiji, kwenye zile barabara zao za mawe. Niliona kwa macho yangu, maana walilirudia lile tukio. Wenzake walianguka vibaya. Mmoja aliburuzwa, akainuka nguo zimechanika na damu inatoka kiwikoni, akapanda baiskeli akaenda. Wangu aliangukia ubavu polepole, kama mama anayeketi kwenye nyasi. Hakuinuka. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Walipomaliza kumshona wakamleta nyumbani apone. Tulienda kumpokea uwanja wa ndege na mursik, yale maziwa ya kwetu yanayolazwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa ndani. Kwetu mkimbiaji aliyeshinda hupokewa hivyo, anawekewa kibuyu mdomoni watu wakiimba. Yeye hakuwa ameshinda, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, lakini akina mama wa kanisa waliimba vilevile, na mimi nikamwinulia kibuyu. Midomo ikawa myeupe kwa maziwa, akatabasamu, watu wakapiga picha. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote. Koo lake halikusogea.

"Mwone shingo," mama mmoja akasema. "Huo ndio mwili wa bingwa."

"Sisi tutabaki hapa na matumbo yetu," mwingine akajibu, wakacheka, wakapigana viganja.

Ndivyo tunavyoona sisi watu wa kwetu. Msichana wa kazi akikonda vile tutauliza nani anamnyima chakula. Lakini mtu wa michezo akikonda, tunasema medali iko karibu.

Daktari alikataza asiiname, na mama yake yuko kazini, kwa hiyo nilimwogesha mimi. Miaka mingi hapa Marekani kazi yangu ilikuwa kuogesha wazee, mpaka magoti yangu yakakataa, kwa hiyo mwili wa mtu haunitishi. Nilimvua shati. Uti wa mgongo ulikuwa na vifundo kama muwa. Mgongoni kote alikuwa ameota vinyweleo laini, kama vya mtoto aliyezaliwa jana. Maji yalikuwa ya moto na bado meno yake yaligongana.

Nikamuuliza, "Mwezi wako unakuja lini?"

"Gogo."

"Nimekuuliza."

"Hauji. Siku nyingi. Ni kawaida, wengi wetu kule hauji."

"Wangu pia hauji. Mimi ni bibi kizee."

"Basi tumekuwa marika," akasema, akacheka kidogo. Mimi niliendelea kusugua.

Vipimo vya mifupa vilipotoka, binti yangu aliniambia jikoni, bado amevaa sare yake ya kazi. Daktari alisema mifupa ya mtoto ni ya mwanamke wa miaka sabini. Asishindane mwaka mzima. Ale, anenepe, damu irudi, ndipo waongee.

"Mimi nimeipita sabini," nikasema, "na nimeanguka kwenye barafu, sikuvunjika hata ukucha."

Binti yangu akaweka kichwa mezani. Alikaa hivyo mpaka chai yake ikaota ngozi juu.

Nilipika. Nilipika managu, zile mboga chungu za kwetu, kwa maziwa, nilipika nyama, nilisonga ugali nikauacha mezani unatoa moshi. Yeye alimega tonge la kulisha kifaranga, akalizungusha kwenye sahani. Wali aliupima kwenye kimzani kidogo alichokuja nacho. Na kila asubuhi, kabla hajanywa hata maji, alipanda mzani wa bafuni na namba yake ikaenda Ulaya kwa simu. Kule kuna mtu ambaye kazi yake ni kuzisoma hizo namba. Sijui kama ni mtu mbaya. Mjukuu wangu alisema hakuwahi kumkataza kula. Alimwambia tu kwamba mlimani kila kilo ni jiwe mfukoni.

Alipoanza kutembea bila magongo, simu ikaja. Timu inapanda milimani kufanya mazoezi, na kutoka huko watachaguliwa wa kwenda kwenye mbio kubwa za wanawake za Ufaransa. Akiwa hayupo, nafasi ni ya mwingine, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwaka huohuo.

"Daktari amesema mwaka," nikamwambia.

"Gogo, nikikaa mwaka nimekwisha."

"Na ukienda?"

"Nikienda nitakuwa makini."

Makini. Mtu amevunjika kwa kuketi, anasema atakuwa makini.

Asubuhi ya kuondoka niliketi kwenye kiti changu sebuleni. Mfuko wa baiskeli ulikuwa umesimamishwa mlangoni kama jeneza la mtoto. Akaja akapiga magoti polepole, ile nyonga bado inamvuta, akafungua zipu ya koti. Mashimo ya mabegani ungeweza kutia maji ndege akanywa.

"Gogo, nitemee."

"Umekula nini?"

"Nimekula."

"Sikuuliza kama umekula. Nimeuliza nini."

Akaangalia zulia.

Nikamwambia, "Sikubariki. Kwa mate yangu mwili huo hauendi popote."

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yake na pasipoti mkononi. "Mama, tafadhali. Akianguka tena watasema ni wewe."

"Watasema."

"Na wewe utaishi na hilo?"

"Nimeishi na mengi."

Mtoto alibaki amepiga magoti, kola wazi, viganja vimeelekea juu, mpaka dereva wa teksi akapiga honi nje. Nilidhani hapo ataketi sakafuni na kusema haendi. Kweli nilidhani. Nilikuwa nimempa kitu cha kuogopa kuliko mlima, nikafikiri kitamtosha. Akafunga zipu. Akainama akanibusu kwenye paji la uso, na pumzi yake ilinuka kama tunda lililooza. Harufu hiyo naijua. Wale wazee niliokuwa nawaogesha, wakikataa chakula siku nyingi, hunuka hivyo.

Akaenda. Mkavu.

Habari za nyumba zina miguu. Jumapili iliyofuata, yule mama aliyesifu shingo akanishika mkono kwenye maegesho ya kanisa. "Mama, mzee hamnyimi mtoto. Hata ukiwa na hasira unatema, halafu unakasirika baadaye."

"Sikuwa na hasira."

"Basi ni nini?"

"Wewe uliona shingo. Mimi nilimwogesha mgongo."

Akaniachia mkono. Tangu siku ile nikiingia ukumbini kunywa chai, watu wananisalimia vizuri sana, kama unavyomsalimia mtu aliyefiwa. Binti yangu naye alikuwa anapika, ananiwekea sahani, anaenda kula chumbani kwake. Simu niliifunika uso chini. Mashindano sikuyatazama. Nikiona baiskeli imepita barabarani hapa, hata ya mtu anayekwenda dukani tu, nafunga pazia.

Mjukuu wangu alipiga simu mwenyewe, saa ya chakula cha mchana kwetu, kwao jua linaelekea kushuka. Binti yangu hakuwa na zamu kazini siku hiyo. Aliegemeza simu kwenye birika tumwone sote wawili. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha hoteli, vitanda viwili vyembamba, nguo za timu zimetundikwa dirishani. Amechaguliwa. Kesho wanaanza. Macho yake yalikuwa makubwa kupita uso.

"Hongera," mama yake akasema, akinitazama mimi.

"Gogo yuko?"

"Niko."

"Gogo, nimeongeza kilo moja."

"Onyesha mkono."

Akainua mkono mbele ya simu. Nikautazama. Ulikuwa mkono wa kushikia kikombe, haukuwa wa kuanguka nao. Akaushusha haraka.

"Kesho kuna mteremko mmoja mrefu," akasema. "Barabara ni nyembamba, na sote tunashuka pamoja. Nimekuwa nikiuota. Sijawahi kuogopa, Gogo, unajua sijawahi." Akashuka kitandani akapiga magoti pale sakafuni kwa watu, akafungua zipu, akasogeza kifua karibu na simu mpaka kioo kikajaa mifupa. "Nitemee hapahapa. Kidogo tu. Itafika."

"Mama," binti yangu akasema, na hakuwa akinibembeleza tena. "Ameshafika kule. Kupanda atapanda, utake usitake. Unachomnyima ni moyo tu. Mtemee. Ni kioo cha simu, nitakipangusa mimi."

Nilimtazama mjukuu wangu, yule ninayemringia mbele za watu, amefumba macho anangoja kama mtoto anayengoja kutiwa dawa ya macho. Alikuwa anatetemeka, sijui ni baridi au ni nini. Na nikajua kwamba nikitema, kesho atashuka ule mlima akiwa na raha, na keshokutwa atapima tena wali wake, na mwakani ataleta tena hiyo kola, kama bado atakuwa na mifupa ya kuleta. Mate yalikuwa yamejaa mdomoni mwangu. Nikayameza.

"Gogo?"

"Sikubariki. Kwa mate yangu mwili huo hauendi popote."