Visiki vya Ngitili

Usiku ule wa kuamkia siku ya greda nililala mapema, tena nikalala vizuri, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Mimi si mtu wa ndoto. Nikiota, naota nimechelewa mnadani, basi. Kwa hiyo nilipomwona Bibi amesimama uani, amejifunga kaniki na kushika fimbo yake, sikushtuka hata kidogo. Nilidhani amekuja kudai ugoro. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba tulishamzika.

"Mume wangu," aliniita, kama alivyoniita tangu nikiwa mtoto, maana kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni watani wa namna hiyo. "Umelala?"

Kabla sijajibu aligeuka akaondoka, nami nikamfuata, na mara tukawa shambani bila kupita njiani.

Shamba lile zamani lilikuwa ngitili yake, malisho ya akiba. Alilifunga kila masika, mifugo isikanyage, ili majani na miti viote vyenyewe, na ng'ombe waje kulishwa humo kiangazi kikikaza. Alipofariki, dhahabu ikaonekana. Miti yote ikakatwa kuwa matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za maduara, mashimo ya wachimbaji, zisiporomoke, na ardhi ikatobolewa kila upande. Dhahabu ilipokwisha wachimbaji wakahama, wakatuachia mashimo. Mimi na kaka yangu Luhende tuliyafukia kwa koleo, mikono ikachubuka. Tukapanda miche ya kununua, ikakauka. Tukapanda tena, ikakauka tena. Mwisho tulichoka, tukakubaliana greda lije asubuhi likwangue pote, tuwakodishie watu wa kufyatua matofali. Hilo ndilo nililolala nalo.

Sasa Bibi anashuka ndani ya duara. Namwambia, Bibi, hilo tulilifukia. Anacheka na kunirushia kamba. Nashuka nyuma yake, nateleza, nafika chini, na huko chini si giza. Kuna mwanga wa asubuhi, sijui unatokea wapi. Na hapana kuta. Chini ya shamba letu lote ni chumba kimoja kipana ajabu, na darini inaning'inia mizizi.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mingine minene kama paja la mtu, mibichi, myekundu, inatiririka maji. Imepita kati ya shimo na shimo, imezunguka vifusi tulivyomwaga, imekutana upande wa pili na kushikana. Na inanyonya. Naisikia kabisa, sauti ile ya ndama anapokuwa chini ya mama yake, lakini inatoka kila mahali kwa pamoja. Niliogopa, ila si woga wa kumfanya mtu akimbie. Nilijikuta nimevua viatu.

"Hii ni ya nani?" nauliza kwa kunong'ona.

"Ni miti yangu."

"Miti yako ilikatwa, Bibi. Nilikuwepo ikiangushwa."

"Ilikatwa juu," anasema.

Ananionyesha kwa fimbo. Kwenye dari, chipukizi jembamba linasukuma udongo, linasukuma, mpaka linapenya na kutoka nje. Nafurahi kama nimelizaa mimi. Halafu nasikia panga, na chipukizi limekatika. Huko juu mtu anacheka, na kicheko ni changu. Sauti ya Luhende inasema, "Hapo bado, fyeka mpaka pang'ae!" Ndivyo tulivyokuwa tunapalilia. Kwetu shamba lenye vichaka ni aibu, wapita njia watasema mwenyewe mvivu. Kila masika visiki vya Bibi vilichipua, na kila masika tulivifyeka kama magugu, ili miche yetu ya kununua ipate nafasi ya kukauka.

Nilitaka kumwomba radhi. Lakini tayari tuko juu, na majani yananifika kifuani. Migunga imesimama, mininga imesimama, kanga wanakimbia miguuni mwetu, na hewa inanuka mvua. Mpakani wamejipanga ng'ombe, wengi mno, mpaka macho yanapoishia. Hakuna uzio wala mchungaji. Wametulia wanatutazama, na hata mmoja haweki kwato ndani. Moyo wangu umejaa, machozi yananitoka na sijui nalia nini.

Bibi ameanza kupungua. Kichwa chake tu kinaonekana juu ya majani.

"Usipande," anasema. "Funga. Na wa kwanza kuzuiwa wawe ng'ombe wa Luhende. Watu wakiona wa kwetu wamekaa nje, na wao watazuia wa kwao."

Nataka kumuuliza kama huko aliko anakula, kama ana wa kumsonga nywele. Mdomo hautii. Anapiga fimbo chini, ardhi inatetemeka, na mtetemo hauishi, unazidi, unakuja.

Nikaamka. Ulikuwa mngurumo wa greda.

"Wewe, amka!" Luhende alikuwa anagonga mlango. "Dereva kashafika."

Nilitoka pekupeku. Kulikuwa kumepambazuka, na greda lilikuwa limeelekeza bapa lake shambani. Nilimshika kaka yangu mkono.

"Kaka, lisiingie. Bibi amekuja."

Hakucheka. Nyumbani kwetu jambo hilo halichekwi. "Kasemaje?"

"Visiki viko hai. Tusikwangue, tusipande. Tufunge ngitili, vijiotee vyenyewe." Nikaelekeza kidole zizini. "Na tuanze kwa kuzuia ng'ombe wako."

Luhende alitazama zizini. Ng'ombe wake walikuwa wamekonda, mbavu zinahesabika, na asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kuwafungulia lango, ila walikuwa hawajaanza kutoka. Mahali pa karibu pa kuwapeleka palikuwa pale pale, wakatafune machipukizi. Nilidhani atanitukana.

"Basi ni yeye kweli," akasema. "Hakuna mwingine angethubutu kunigusia ng'ombe."

Akarudishia lango la zizi, kisha akaenda kwa dereva huku akimpungia mkono azime.