Garanti na Kamba ya Ng'ombe

Jumatatu nilikuwa katika duka la vifaa mjini Kitui, nikingoja kupimiwa misumari, seremala mmoja alipolaza drili ya umeme juu ya kaunta kama mtu anayelaza mgonjwa. Kando yake akanyoosha kadi ya garanti kwa kiganja.

"Imekataa kuzunguka," akasema, "na mwaka haujaisha."

Mwenye duka, mzee wa miwani, hata hakuigusa drili. Alisoma kadi, akamtazama seremala.

"Hili jina si lako."

"Ni la aliyeniuzia. Tunasali kanisa moja. Na kadi alinipa mwenyewe, mzee, bila kuombwa."

"Garanti nilimpa yeye. Haihami."

"Kwani drili inajua imeshikwa na nani?"

Tulicheka sote isipokuwa mzee. Alivua miwani.

"Kwenu ni wapi?"

"Ikutha."

"Ukiuza ng'ombe huko sokoni, mnunuzi unampa na kamba?"

"Ai! Kamba narudi nayo nyumbani. Ukiiachilia, baraka ya boma inaenda nayo."

"Na ukiona mtu amemwachia mnunuzi kamba, tena bila kuombwa?"

Seremala aliitazama ile kadi.

"Huyo anajua ng'ombe ni mgonjwa," akasema polepole. "Anataka tu aondoke."

Mzee akamrudishia kadi kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Jioni hiyo hiyo jirani yangu, mtu mpole sana, alikuja kuniuzia redio yake. Akasema ataniongezea betri mpya na garanti.

Nilimwuliza inaumwa wapi.