Sala ya Fifani

Pilipili ikichomwa kwenye makaa, popote nilipo, koo hunikwaruza na midomo yangu husema yenyewe, "Fifani!" Nimezunguka miji mingi, maana miguu yangu haijui kutulia, na kila ninapokula watu huniuliza hiyo ni lugha gani. Huwajibu kwamba ni sala ya kwetu Kamina.

Tuliipata kwa Kambo, bibi yangu. Usichanani, wakati wa vita vya Katanga, aliwapikia askari wa Sweden waliokaa kambini nje ya mji kulinda amani. Kila alipowawekea samaki wa pilipili, wa kwanza kuonja alifumba macho, akawa mwekundu kama tofali, akasema kwa sauti nzito, "Fifani!" Wenzake wakaonja, wakaitikia. Kambo, binti wa Kimetodisti, akaelewa palepale: Wazungu hawa wanamshukuru Mungu.

Basi na sisi tulifumba macho mbele ya bukari, ugali wetu, tukasema Fifani. Hata pasta alipotutembelea alisema, akaongeza Amina.

Aliyekataa kuamini nyumbani ni babu tu, mtu wa reli aliyefika Kamina baada ya vita.

"Weye mama, acha bongo, unadanganya! Askari banakuja huku, habatafute vita? Askari gani?"

"Minyi nilibapikia!"

"Ulibapikia mu ndoto."

Majirani walicheka, wakamwita Kambo "Mama Fifani", naye aligeuka kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Miaka ikapita. Hakuna aliyewataja wale askari, redioni wala shuleni, na Kambo akazeeka akiitwa mwongo nyumbani kwake.

Juzi nilirudi na filamu kwenye simu. Niliwaketisha wazee wote wawili barazani. Askari wale wakatokea, kaptura zao na magoti mekundu. Mmoja akaonja chakula kutoka sufuriani, akafumba macho.

"Fifani!"

Kambo aliruka kama msichana, akiinyooshea simu kidole. "Njo bale! Njo bale bantu ba Mungu!"

Mimi peke yangu ndimi niliyekuwa na macho ya kusoma maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Yalieleza neno lile: "Lo, shetani!"

Sikuwatafsiria. Mwisho wa filamu walionekana askari wenyewe, sasa vikongwe wenye fimbo, wakivishwa nishani na nchi yao iliyokuwa imewasahau. Babu aliitazama simu mpaka ikazima. Kisha akakohoa.

"Kumbe balikuwa," akasema.

Utotoni nilidhani kwa neno lile tunasema na Mungu. Kumbe Kambo alikuwa akisema na babu, kila mlo, mwaka baada ya mwaka: walikuwepo, na mimi nilikuwepo.

Bukari ikaletwa, na samaki. Babu akawahi kufumba macho kabla yetu sote.

"Fifani," akasema, kwa heshima kubwa.

Mungu anisamehe, nikaitikia Amina.