Mgongo wa Koti la Mlanguzi

Siku zile za kuwasaka walanguzi, mgambo walisimamisha basi letu la Morogoro pale Kingolwira. Jirani yangu kitini, mwigizaji, alikuwa amevaa suti nyeusi na tai.

"Shuka, tajiri," mgambo mmoja alimwambia. "Madukani hata khanga hakuna. Suti hii umeitoa wapi?"

"Ndugu, mimi naigiza mlanguzi. Hili ni vazi la mchezo. Nikilikunja litaingia makunyanzi, na pasi sina."

"Kila mlanguzi ana mchezo wake. Twende kituoni."

Alishuka, akatutazama sisi abiria madirishani, kisha akageuka taratibu. Mgongo wa koti ulikuwa gunia la unga lililopakwa masizi.

"Kitambaa kilitosha mbele tu," alisema kwa sauti ndogo. "Watazamaji siwapi mgongo."

Mgambo aligusa lile gunia, akavitazama vidole vyake vilivyogeuka vyeusi.

"Rudi ndani, ndugu."

Jumamosi nilimwona jukwaani, mtaa wa Mafiga, Morogoro. Aliondoka jukwaani kwa kurudi kinyumenyume, na ukumbi mzima ukayacheka madaha ya tajiri. Mimi sikucheka. Nilikuwa naomba asijikwae.