Kumpiga Momanyi Kabla Hajawa Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Suneka na ndoo, ufagio na kitambaa cha kupangusia, kwa kuwa nilidhani nimeitwa kufagia. Ukumbi wenyewe, wa michezo ya video, ulikuwa chumba cha mabati nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Ndani mlikuwa na televisheni nne na viti vya plastiki, na vijana wamejazana wakipigana kwenye skrini kana kwamba hawana mama. Mwenye Ukumbi, ndivyo tulivyomwita sote, hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu.

"Mama, wewe huchuma majani chai?"

"Tangu nikiwa msichana."

"Kwa mikono yote miwili?"

"Kwani wewe huchuma na miguu?"

Alicheka hadi akashika mlango. "Basi weka ufagio chini. Keti pale, kiti cha pili."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ambayo hata leo nikiitaja kanisani watu hudhani natania. Mchezo wa mapigano unataka watu wawili. Mteja akija peke yake atapigana na mashine, na mashine haikunji uso ukiipiga, kwa hiyo atachoka mapema na kwenda zake. Ukumbi wenye akili huweka mtu wa kudumu wa kupigana na kila anayekuja bila mwenzake. Huyo ndiye kiti cha pili. Nilikikalia Suneka, nikahamishiwa Magwagwa, nikamalizia Keroka, maana Mwenye Ukumbi alikuwa na kumbi tatu. Vijana wa kote huko waliniita Madam Kiti, na wengi hawakujua jina langu jingine. Mume wangu, mzee wa kanisa la Wasabato asiyependa maneno mengi, aliniuliza swali moja tu kuhusu kazi hiyo.

"Jumamosi mnafunga?"

"Tunafunga, tangu Ijumaa jua likitua."

"Sawa," akasema, na hakuniuliza tena.

Wiki za kwanza nilipigwa na kila mtu. Nilikuwa nabonyeza vitufe vyote vya pedi kwa pamoja, kama mtu anayefukuza kuku. Pedi ni kile kifaa cha mkononi chenye vitufe, na mwanafunzi yeyote huidhani ni ngoma. Mwenye Ukumbi alinivumilia, kisha siku moja akavuta kiti.

"Mama, kuna vitu vitatu tu hapa. Kupiga, kuzuia na kukamata. Ukipiga mtu anayetaka kukukamata, unamwahi. Ukimkamata anayezuia, unamwangusha. Ukimzuia anayepiga, anabaki wazi, na hapo unamlipa. Hakuna cha nne."

"Na hizi kelele zote na moto?"

"Hizo ni mapambo."

Nilikaa na maneno hayo mwaka mzima. Nilichagua mpiganaji mmoja na kumshikilia, mnene mmoja wa mieleka ambaye vijana walimwita Gunia na hakuna aliyemtaka kwa sababu hutembea polepole. Wao walibadilisha wapiganaji kila siku. Mimi nilimjua Gunia wangu hadi nikajua mkono wake unafika wapi na unaishia wapi, jambo ambalo wengi hulipuuza. Kijana akirusha mapigo ovyo, Gunia alizuia tu akimngoja. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe.

Magwagwa nilikuwa chini ya Msimamizi, mwalimu wa michezo aliyestaafu na bado akivaa filimbi shingoni. Huyo alinikataza kucheza siku nne nzima. Alinikalisha pembeni nitazame.

"Usitazame yule wa skrini," alisema. "Tazama vidole vya mwenyewe. Na umtazame zaidi akianguka. Mtu akiinuka hufanya jambo lile lile alilofanya jana. Hana habari kwamba analifanya."

Ilikuwa kweli. Wako waliokuwa wakiinuka na teke, wako waliorudi nyuma, na kuna mmoja, fundi wa viatu, aliyeruka juu kila mara kama aliyekanyaga siafu. Huyo nilimpiga miezi sita kwa pigo moja tu la kwenda juu, akawa ananiuliza kama ninamroga. Nilimwambia nenda kwa mchungaji, si mimi. Tangu Magwagwa nilishika desturi ya kutojali mchezaji ana mapigo mangapi, bali ana mazoea gani.

Nilipofika Keroka nilikuwa nimeiva, na Meneja wa pale, mama mkali aliyewahi kuwa karani wa kiwanda cha chai, alinipokea kama askari anavyopokewa. Yeye ndiye aliyenifundisha kutumia saa. Kila raundi ina muda wake, na muda ukiisha anashinda aliyebakiza nguvu nyingi. "Ukiwa mbele, hakuna aliyekutuma kwenda," alisema Meneja. "Mwache aje. Njaa ni yake." Keroka, kwenye malori na watu wa kila upande, nilikaa miaka bila wa kunisumbua. Kichwa kilivimba, sitaficha.

Ndipo akaja Momanyi.

Alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai huko upande wa Nyamira, kijana mrefu, mpole, shati limepigwa pasi. Alikuja Jumapili moja, akachagua mpiganaji mwembamba wa mateke marefu, akanipiga. Jumapili iliyofuata akanipiga tena. Alimpiga kila mtu Keroka, na watu wakasema hata huko kwao hajawahi kushindwa. Akishinda hakupiga kelele, alisema tu "Asante, Madam," na adabu hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu, macho yameanza kulalamika, na nikajiapia kwamba sitakiacha kiti kabla sijampiga huyu mtoto mara moja, kwa haki.

Nilirudi kwenye masomo ya Magwagwa. Nilikubali kupigwa huku nikimtazama vidole. Momanyi hakuwa na mazoea mengi, ndiyo maana alikuwa hodari, lakini hakuna binadamu asiyekuwa nayo kabisa. Akikuangusha, alingoja. Ukimzuia mara mbili, alikuja kukukamata. Na nguvu zake zikibaki kidogo, hapo tu, aliruka nyuma mara mbili kisha akaja na teke la chini, refu, la kufagia miguu. Nilikuwa nimelipata. Teke lile ukilizuia ukiwa umechuchumaa, mwenyewe hubaki wazi muda wa kupepesa jicho, na muda huo unamtosha Gunia kumkamata.

Kujua dawa na kuinywesha ni mambo mawili. Kila asubuhi kabla ya kufungua nilifanyia mazoezi jibu hilo moja tu: kuchuchumaa, kuzuia, kukamata. Vidole vilikataa, kisha vikakubali. Na sikumwonyesha hata mara moja, kwa sababu mpinzani hodari ukimwonyesha silaha leo, kesho amekuja na ngao. Niliendelea kupigwa nikicheka moyoni.

Siku niliyopanga kumtolea dawa, nilimpiga bila kuitumia. Nilimpiga mara tatu mfululizo. Ukumbi ulilipuka, Meneja akaninunulia soda, nami nikasimama juu ya kiti kwa umri huu wangu. Halafu nikaketi, nikaanza kufikiri. Mateke yake yalikuwa yanafika karibu nami na kusimama. Hakunikamata hata mara moja. Nilipomgeukia, alikuwa akitazama sakafu, na chai niliyomwekea hakuigusa.

Jioni hiyo nilimpigia binti yangu Moraa, anayefanya kazi katika duka la dawa mjini Nyamira, kumsimulia ushindi.

"Mama, huyo Momanyi... ni mrefu? Anatoka Magwagwa?"

"Unamjua?"

"Aki Mama. Ndiye huyo nilikuwa nataka kukuambia. Juzi nilimwonyesha picha yako, akashtuka sana. Hata chakula alishindwa kula."

Wasomaji wa mbali na kwetu, niwaeleze. Sisi Abagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawataniani, hawatazamani machoni, sembuse kutupana chini mbele ya umati wa Keroka. Mtoto wa watu alikuwa amegundua kwamba Madam Kiti, ambaye yeye amekuwa akimfagia miguu Jumapili baada ya Jumapili, ni mama wa msichana anayetaka kumwoa. Mkono wake ulikuwa umekufa ganzi.

Nilifurahi kwa ajili ya Moraa, Mungu ni shahidi. Lakini pia nilikasirika. Miezi ya mazoezi, na ushindi nimepewa kama sadaka! Moraa alinieleza kwamba wazee wake walikuwa wanakuja kuposa Jumapili ya tatu. Wakishakuja, angekuwa mkwe, na nisingempiga milele. Zilibaki Jumapili mbili. Ya kwanza hakuja. Ya pili, Meneja alimtumia ujumbe kwamba ameacha koti lake, naye hakuwa na koti, lakini kwa adabu akaja kuangalia.

"Keti," nikamwambia, nikitazama skrini.

"Mama, siwezi. Mkono unakataa."

"Mahari imetolewa?"

"Bado."

"Basi mimi si mkwe wako. Mimi ni kiti cha pili, na wewe umenipa ushindi wa bure mara tatu. Hayo ni matusi."

Akajikuna kichwa. Mwishowe akatoa simu. "Wacha niulize nyanya." Nikaona huyu ana akili, maana kwetu nyanya na mjukuu huambiana lolote. Aliweka sauti ya juu, ukumbi mzima ukasogea karibu. Alieleza kwa Ekegusii, kwa shida, maana si rahisi kumweleza bibi wa Magwagwa mapigano yasiyo na damu. Bibi alitaka kujua mambo mawili.

"Mnashikana?"

"Hapana nyanya. Tunatazama televisheni."

"Na wazee hawajaenda?"

"Bado."

"Basi mpige! Kwani unaniamsha kwa hilo?" Kisha kabla hajakata: "Na yeye akikupiga je?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Tulikaa viti vikiwa mbali kidogo, macho mbele. Raundi tatu, mbili zinashinda. Ya kwanza alinipiga, mateke halisi sasa, na kila lililoniingia lilinifurahisha. Ya pili nilimkalia kwa saa: nilipata pigo moja mapema, nikazuia na kuzuia hadi muda ukaisha, huku Meneja akisema "Njaa ni yake, njaa ni yake" hadi nikataka kumfukuza.

Raundi ya tatu sote tulibaki na nguvu za ncha ya kidole, yeye akiwa mbele kwa unywele. Akaruka nyuma mara moja. Nikachuchumaa kwa siri nikingoja mruko wa pili. Hakuruka. Alikuwa ameona ninangoja! Akasimama kule mbali, mimi huku, saa inakwenda, na safari hii njaa ilikuwa yangu. Ndipo nikakumbuka kwamba nilimjua Gunia kuliko alivyomjua yeye. Nilisogea hatua mbili, nikarusha ngumi nikijua kabisa haifiki. Mtu hodari akiona pigo limekwenda hewani hawezi kujizuia, lazima aje kumwadhibu mwenye kulirusha. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe, na teke la kufagia likaja. Nilichuchumaa, nikalizuia, nikamkamata. Gunia alimwinua juu kabisa, akamweka chini kama mzigo wa ndizi.

Sitaeleza kelele. Nitaeleza alichofanya Momanyi. Katika miaka yangu yote, niliowapiga walisema pedi imekufa, kiti kimelegea, jua limeingia machoni. Methali ya asiyekubali kushindwa si mshindani kila mtoto anaijua, lakini wanaoitenda ni wachache. Yeye alitulia. Akauzungusha waya wa pedi vizuri, akaiweka mezani, akasimama na kuwaambia watu, bila kunitazama, "Nimepigwa, na nimepigwa vizuri." Halafu akaanza kucheka, mabega yakitikisika, akampisha aliyekuwa akingoja zamu.

Nilistaafu Ijumaa ya wiki hiyo, kabla jua halijatua. Meneja alinipa kile kiti cha plastiki, kiko hapa barazani na ndicho ninachokalia. Vijana huja kuniuliza siri ya kumpiga aliyekuzidi. Nawaambia mkae na mpiganaji mmoja, mjifunze kuzuia kabla ya kupiga, mfanyie mazoezi jibu moja hadi liwe lenu, na mkubali kupigwa mara nyingi mkiwa mmefungua macho. Wengi huondoka wamekata tamaa, walitaka kitufe. Huwezi kumpiga mtu hodari bila kumsoma, na ukimsoma vya kutosha unaanza kumpenda. Hilo hakuna mkubwa wangu aliyenifundisha.

Wazee wa Magwagwa walikuja Jumapili kama walivyosema. Waliketi sebuleni, wakamsifu kijana wao kwa masomo, kwa bidii, kwa kuimba kwaya. Mume wangu alisikiliza yote. Kisha akaomba ruhusa kidogo, akanifuata jikoni.

"Hawa ni watu wake, lazima wamsifu," alisema kwa sauti ya chini. "Moraa ni mmoja tu. Wewe unajua nini kuhusu huyu kijana?"

"Nimemwona akishindwa mbele ya watu," nikamwambia.

"Sawa," akasema. Akachukua sinia la vikombe kutoka mikononi mwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya wageni, akawapelekea chai yeye mwenyewe.