Maji Mekundu ya Kambini

Niliondoka Butembo kwa sababu chuo kikuu kimoja kilitafuta mwuguzi anayejua Kifaransa na Kiswahili, amsaidie profesa kuchunguza huko Goma jinsi sumu za mjini zinavyowadhuru watu. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wakitawala. Niliaga parokia nzima kwa majivuno, utadhani naenda kuponya nchi.

Siku ya pili, nikiwa juu ya magunia ya maharage, lori letu lilipita Kibumba kwenye baridi, likateremka Munigi. Kuanzia hapo ardhi ni mawe meusi ya volkano. Mvua ikinyesha, mawe yanaimeza yote, kwa hiyo Goma hakuna visima. Watu huteka maji ziwani au hukinga ya paa.

Goma, asubuhi ya kwanza, mimi na profesa tulianzia kambi ya wafanyakazi. Mabati yote yalipakwa rangi nyekundu, na chini ya kila paa palikuwa na pipa. Mama Furaha, mke wa seremala, alitukaribisha. Pale kambini mgeni hapewi maji ya ziwa, hayo ni ya kufulia. Anapewa ya paa.

"Kunywa, Papa," aliniambia. "Hii ni ya Mungu, hakuna mutu aliigusa."

Nilikunywa kikombe kizima. Profesa alisema hana kiu. Tulipofika garini akafungua chupa yake, akanywa hadi nusu.

Kwa miezi mitatu nilichoma vidole vya watoto wa kambi na kukusanya damu. Furaha, wa miaka minne, alikuwa analia tumbo na kukonda. Kila nikija, mama yake aliuliza, "Damu ya batoto munabeba. Jibu iko wapi?" Nami nilimwambia asubiri.

Mwezi wa nne profesa alinipa karatasi zake nizipige chapa. Nikasoma kwamba rangi ile ya mabati ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, mvua inaiosha hadi pipani, na risasi imo katika damu ya watoto. Maji yale yalikuwa yamepimwa kabla mimi sijafika Goma.

Nilimwuliza kwa nini watu hawakuambiwa.

"Wakiacha kunywa, utafiti utaharibika," alijibu, huku akijaza kiko chake. "Tungoje mwisho wa mwaka."

Nilitoka bila kuaga, nikaenda moja kwa moja kambini, nikamweleza Mama Furaha kila kitu.

"Weye ulijua tangu siku gani?"

"Tangu leo."

"Na ule muzungu?"

"Tangu kabla hatujakuja."

Hakulia. Aliita majirani, wakapindua mapipa yote, kisha wanawake wakabeba ndoo kwenda Kituku kuteka maji ya ziwa.

Kesho yake nilifukuzwa kazi. Kabla ya kupanda lori nilipita kambini kuaga. Nilimnyooshea Furaha mkono, naye akaficha mikono yake yote miwili mgongoni.

Nyumbani Butembo wananiuliza nilijifunza nini kwa wasomi wale. Nilijifunza swali moja. Siku hizi mtu akinijia na barua ya utafiti, kabla sijaifungua namwuliza: mgonjwa ataambiwa lini? Wengi huondoka na barua zao.