Sare Nyeupe Wakati wa Mgomo

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya wazazi hapa Juba, Sista Mkuu, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, alinitazama toka juu hadi chini. "Wewe umesomea Uganda? Sawa. Hapa iko kazi tu, glavu hapana." Nilidhani ananitania. Kumbe tulizalisha kwa mifuko ya nailoni tuliyojifunga mikononi.

Ndiyo maana nilijiunga na chama cha wauguzi bila kubembelezwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katibu wake alikuwa Keji, mkunga mwenzangu, na miaka mingi tulikula sahani moja. Nyinyi vijana mnadhani kugoma ni kulala nyumbani, lakini mgomo wa hospitali una sheria zake. Tulipogomea glavu na maji, chama kiliniacha mimi nihudumie dharura za uzazi, kwa sharti kwamba nisivae sare. Mkunga wa dharura alijifunga lawa, ile nguo yetu ya begani, ili mkubwa yeyote asije akasema wodi iko wazi.

Asubuhi moja akaletwa binti kutoka Rejaf, mtoto ametanguliza makalio. Nilipomgusa akanisukuma. "Wewe mama ya soko! Mimi nataka sista!" Nilimbembeleza, wapi! Nikavaa sare. Alipoiona akatulia, na mtoto akatoka salama.

Bado nimeivaa, Mkurugenzi wa hospitali akapita na wageni wa shirika la misaada kutoka mtaa wa Thongpiny. "Mnaona? Wauguzi wangu wako kazini," akawaambia, akininyooshea kidole.

Jioni Keji alifika kwangu Malakia, asiingie ndani.

"Poni, umetuuza."

"Angekufa, Keji."

"Na sisi tunaokufa na maambukizi je?"

Akaondoka.

Mgomo uliyumba, haukuvunjika. Glavu zikaja, na tangi la maji. Nilizitumia mpaka nikastaafu, nazo zilipiganiwa na watu ambao, nikiingia chumba cha chai, waliinuka na vikombe vyao. Sijutii kuivaa ile sare. Ila upweke uliniuma, na unaniuma hadi leo. Keji anakaa mtaa wa pili. Tukikutana kanisani, ananipita kama benchi.

Juzi mjukuu wangu kaajiriwa uuguzi. Akaniuliza, "Haboba, nijiunge na chama? Si ndicho kilichokutenga?"

"Jiunge leo," nikamwambia. "Mtu peke yake hospitalini si kitu. Niulize mimi, nimeishi hivyo."